Sura ya Sita: Nani Humkagua Mwenye Funguo?

Kuna suali moja ambalo wazazi, wake na ndugu za watu waliofungwa hulirudia katika kila mji wenye gereza, na ambalo katika Nakuru, Naivasha, Molo na Nyahururu husikika hata ndani ya matatu siku za kuzuru wafungwa, nalo ni hili: afande akiniambia langoni, "Mama, nenda nyumbani, mwanao hajambo," nami sina njia ya kuupita ukuta ule nikamwona anavyolala na anavyokula, nitajuaje kwamba ni kweli? Suali la pili hulifuata la kwanza, na aghalabu hutoka kwa watu wasiokuwa na jamaa gerezani: mtu aliyeiba, au aliyejeruhi, au aliyeua, kwa nini serikali itumie fedha kutuma watu wakamtazame kama amelala vyema, ilhali yule aliyeibiwa amelala na njaa?

Masuali haya mawili huonekana kama yanatoka pande mbili zinazopingana, moja upande wa huruma na jingine upande wa hasira. Katika sura hii nitajaribu kuonyesha kwamba jawabu lake ni moja, na kwamba Kenya imekwisha kuliandika jawabu hilo katika sheria zake, lakini bado haijampa mtu yeyote kazi ya kulitimiza kila mwezi na kila mwaka.

Ukaguzi huru ni kitu gani?

Ukaguzi huru wa magereza ni kazi ya mtu asiyeajiriwa na idara ya magereza, asiyepokea amri kutoka kwake wala kutarajia cheo kutoka kwake, ambaye sheria imempa haki ya kuingia gerezani, kutazama, kuuliza na kuandika, kisha kuyapeleka aliyoyaandika mahali ambapo idara yenyewe haiwezi kuyazima. Si ule ukaguzi ambao afisa mkubwa huufanya anapofika kutoka makao makuu, gereza likiwa limepigwa deki tangu alfajiri, mawe ya kandokando ya njia yamepakwa chokaa, na gwaride limepangwa likimngoja. Ukaguzi wa ndani una faida yake, maana ndio unaohakikisha kwamba stoo haiibiwi na silaha hazipotei. Walakini mkaguzi na mkaguliwa hulipwa na mkono mmoja, na mtu hawezi kuwa shahidi mwadilifu katika shauri ambalo lawama yake itamrudia yeye mwenyewe.

Kwa sababu hiyo Umoja wa Mataifa, ulipozirekebisha kanuni zake za mwaka 1955 juu ya namna ya kuwatendea wafungwa, na mwaka 2015 ukazipa jina la Nelson Mandela, mtu aliyekaa kifungoni miaka 27, uliagiza kwamba kila nchi iwe na ukaguzi wa aina zote mbili, wa ndani na wa nje, wala mmoja usiwe badala ya mwingine.

Fikira yenyewe si ngeni wala si ya jana. Mwaka 1773 Mwingereza mmoja, John Howard, aliteuliwa kuwa mkuu wa usalama katika wilaya ya Bedford, na badala ya kuiachia kazi ya jela wasaidizi wake kama ilivyokuwa desturi, akaingia mwenyewe kutazama. Alikuta watu ambao mahakama ilikwisha kuwaachilia, nao bado wamefungiwa, kwa kuwa hawakuwa na fedha za kumlipa mlinzi wa jela ujira wake. Akaanza kuzunguka, jela baada ya jela, akipima vyumba, akihesabu watu, akiuliza bei ya mkate na kiasi cha maji, na mwaka 1777 akachapisha kitabu juu ya hali ya jela za Uingereza na Wales. Nguvu ya kitabu hicho ilikuwa katika hesabu zake, ambazo mtu yeyote mwenye shaka aliweza kwenda kuzihakikisha. Howard alikufa mwaka 1790 katika mji wa Kherson, angali katika safari za kuzuru hospitali na magereza ya nchi nyingine.

Mtu akifungwa, amenyang'anywa nini?

Kabla ya kujibu suali la wenye hasira, ni lazima tutenge makundi mawili ya watu ambao wananchi wengi huwachanganya. Mfungwa ni mtu ambaye mahakama imemwona na hatia na kumpa kifungo. Mahabusu, ambaye watu wetu husema yuko rimandi, ni mtu aliyeshtakiwa tu, na ambaye kesi yake haijaamuliwa. Tuseme kijana wa Elburgon amekamatwa kwa tuhuma ya kuiba mbao. Mahakama imempa dhamana ya shilingi 50,000, na aila yake yote, wakiuza mbuzi na wakikopa kwenye chama, hawawezi kufikisha nusu yake. Kijana huyo atapelekwa gereza la Nakuru, atavuliwa mshipi na kamba za viatu, atalala sakafuni baina ya watu asiowajua, na huenda akakaa humo miezi mingi hadi siku ambayo mlalamishi hatatokea mahakamani na kesi ikafutwa. Katiba inamhesabu kuwa hana hatia muda wote huo. Anayeuliza kwa nini tumwonee huruma mwizi, hana budi kwanza kutuonyesha mwizi ni nani.

Na yule ambaye hatia yake imethibitika? Hakimu wa Nakuru anapoandika kifungo cha miaka 3, huwa ameandika miaka 3. Hakuandika kifua kikuu, hakuandika kuvunjwa mbavu usiku wa msako, hakuandika kulala ubavu mmoja miezi sita kwa kuwa nafasi ya kulala chali haipo. Adhabu aliyoipima ni kumwondolea mtu uhuru wake wa kwenda na kurudi, na ameipima baada ya kusikiliza pande zote mbili, hadharani, mbele ya watu, akijua kwamba hukumu yake yaweza kukatiwa rufaa. Yeyote anayeiongeza adhabu hiyo ndani ya ukuta ameitoa bila ya kesi, bila ya shahidi na bila ya rufaa, na kwa kitendo hicho amejifanya hakimu ambaye hakuna aliyemteua. Kwa hiyo hata raia asiyekuwa na chembe ya huruma kwa wahalifu, maadamu anaipenda sheria, ana haja ya mkaguzi.

Wakati mmoja sheria yenyewe iliruhusu mwili wa mfungwa upigwe. Mwezi Oktoba 1995 mahakama ya Nakuru, baada ya kesi ndefu iliyofuatiliwa na watazamaji kutoka nchi nyingi, ilimhukumu mwanasiasa Koigi wa Wamwere na wenzake wawili kifungo cha miaka 4 na viboko 6 kila mmoja. Viboko vilifutwa katika sheria za Kenya mwaka 2003, na leo Katiba ya mwaka 2010 inakataza mateso na adhabu ya mwili kwa kila mtu, na kifungu chake cha 51 kinasema kwamba aliyefungwa hubaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo haziwezi kupatana na hali ya kufungwa. Hilo ni jambo kubwa. Kosa ambalo zamani lilitendwa kwa kibali sasa likitendwa hutendwa kwa siri, na siri ndiyo inayomfanya mkaguzi awe lazima leo kuliko zamani.

Yaliyosemwa na yaliyoonekana

Bonde la Ufa lina kumbukumbu yake ya mambo haya. Wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilipowaondoa Wakikuyu katika mashamba ya walowezi, kambi za kuwapitishia ziliwekwa Nakuru, Gilgil na Thomson's Falls, mji ambao sasa ni Nyahururu, na kutoka huko watu walitawanywa. Wanaume waliodhaniwa kuwa wagumu walisukumwa kambi baada ya kambi, na baadhi yao wakafika Hola, kando ya Mto Tana. Tarehe 3 Machi 1959, watu 11 walikufa katika kambi ya Hola. Tangazo la kwanza la serikali lilisema kwamba wamekufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji. Madaktari walipoipasua miili wakaona dhahiri kwamba watu wale walipigwa. Habari hiyo ilifika Bunge la Uingereza, na mwezi Julai 1959, katika mjadala uliokwenda hadi usiku wa manane, hata mbunge wa chama tawala, Enoch Powell, alisimama kuwalaumu wakubwa wa serikali yake mwenyewe.

Uhuru ulibadilisha bendera langoni. Mwezi Septemba 2000, wafungwa 6 waliokuwa wamehukumiwa kifo walikufa katika gereza la King'ong'o, Nyeri. Wakuu wa magereza walisema walianguka walipokuwa wakiruka ukuta ili watoroke; uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kipigo. Mwezi Novemba 2008 picha za video kutoka gereza la Kamiti zilionyeshwa katika televisheni, na wananchi wakawaona askari jela wakiwapiga wafungwa walio uchi wakati wa msako wa simu.

Nimeyataja matukio haya matatu kwa sababu ya jambo moja linaloyaunganisha. Katika Hola na King'ong'o kulikuwa na maelezo ya wenye funguo, na maelezo hayo yalikuwa na sura ya kuaminika hadi mtu wa nje, yaani daktari mwenye kisu cha uchunguzi, alipoutazama ushahidi. Katika Kamiti, kamera ndiyo iliyofanya kazi ambayo mkaguzi angepaswa kuifanya. Mara zote tatu ukweli ulifika baada ya watu kufa au kuumizwa. Ukaguzi wa mara kwa mara umekusudiwa ufike kabla, wakati ambapo kosa lingali dogo, na askari mwenye hasira angali anajua kwamba wiki ijayo, au kesho, huenda mtu akaingia na kuomba kufunguliwa wodi ile.

Mkaguzi hodari hutazama nini?

Hebu tumfuate mkaguzi mwenye ujuzi katika gereza lolote la Bonde la Ufa, asubuhi ambayo hakuna aliyearifiwa kuja kwake. Haanzi ofisini kwa chai na hotuba. Huanza jikoni, kwa kuwa saa hiyo unga wa siku umekwisha kutoka stoo. Atauliza idadi ya watu walioamkia gerezani, ataizidisha kwa kipimo kilichowekwa kwa mtu mmoja, kisha atatazama kama jumla inalingana na magunia yaliyotoka. Atauomba upawa wa maharagwe na kuuchovya mwenyewe hadi chini ya sufuria, aone ni maharagwe mangapi yanayopanda na ni mchuzi kiasi gani. Mfungwa anayegawa chakula humtazama mkaguzi huyu kwa macho tofauti, maana ametambua kwamba huyu anajua mahali pa kuangalia.

Kutoka jikoni ataomba vitabu viwili na kuviweka kandokando: kitabu cha adhabu, ambamo kila anayeadhibiwa kwa kuvunja kanuni za gereza huandikwa, na kitabu cha zahanati, ambamo kila anayetibiwa huandikwa. Tuseme katika kitabu cha zahanati, tarehe moja, mahabusu wanne wa wodi moja wametibiwa majeraha ya kichwa na mikono, na mbele ya kila jina pameandikwa kwamba aliteleza bafuni. Na katika kitabu cha adhabu, tarehe hiyo hiyo, ukurasa ni mweupe. Hapo mkaguzi hagombi wala hatuhumu. Ataandika namba za watu hao wanne, ataomba kuwaona mmoja mmoja, na ataomba pia kuonyeshwa bafu lenyewe.

Katika wodi atahesabu mablanketi na magodoro, atatazama dirisha na choo, na mahali ambapo choo kiko nje atauliza kama usiku watu hutumia ndoo, ndoo ngapi kwa watu wangapi, na humwagwa saa ngapi. Katika wodi ya wanawake atawauliza habari za watoto, kwa kuwa sheria ya Kenya humruhusu mama aliyefungwa kukaa na mtoto wake mchanga hadi atimize miaka minne, na mtoto huyo, ambaye hana kosa lolote duniani, hula na kulala kwa ratiba ya gereza. Atauliza kama kuna mtu aliyefungiwa peke yake, na tangu lini. Kanuni za Mandela zinaita kufungiwa peke yako hali ya mtu kukaa saa 22 au zaidi kwa siku bila kukutana na watu kwa maana, na zinakataza hali hiyo isizidi siku 15 mfululizo.

Kazi iliyo ngumu kuliko zote ni mazungumzo. Mfungwa hatasema neno mbele ya askari, na aghalabu hatasema mbele ya nyapara, yaani mfungwa aliyepewa usimamizi wa wenzake. Kwa hiyo mazungumzo hufanywa faragha, mahali anapoonekana lakini hasikiki. Hata hivyo faragha pekee haitoshi, kwa kuwa mfungwa mmoja aliyeitwa kando amekwisha kujulikana, na jioni lango likifungwa atabaki na watu aliowataja. Wakaguzi wenye uzoefu huzungumza na watu wengi wa kila wodi, wenye malalamiko na wasiokuwa nayo, ili asipatikane mmoja wa kunyooshewa kidole. Kisha hurudi baada ya muda mfupi kuwaona wale wale kwa majina. Kurudi huko ndiko kunakomlinda aliyesema. Mkaguzi anayekuja mara moja, akasikiliza kwa huruma, akaenda zake asirudi, huenda amemletea mfungwa madhara kuliko asingekuja kabisa.

Kwa mujibu wa Kanuni za Mandela, basi, mkaguzi wa nje shurti awe na mamlaka haya:
– kupata hesabu na kumbukumbu zote za gereza na za watu waliomo;
– kuchagua mwenyewe gereza la kuzuru, hata bila ya kutoa taarifa;
– kuzungumza faragha na mfungwa yeyote amtakaye, pamoja na wafanyakazi;
– kutoa mapendekezo yake kwa idara na kwa wakuu wengine wa serikali.

Kanuni zinaongeza kwamba miongoni mwa wakaguzi wawemo watu wa tiba, na wanaume na wanawake. Kwamba kila ziara iandikiwe ripoti, nchi ifikirie kuitangaza ripoti hiyo. Na kwamba idara ijibu, kwa muda unaofaa, kama itayatekeleza yaliyopendekezwa au la. Mimi naliona sharti hili la mwisho kuwa ndilo lenye thamani kuliko yote, maana ripoti isiyolazimu jawabu huishia kabatini.

Kenya ina nini, na imepungukiwa na nini?

Msomaji asidhani kwamba nchi yetu haina sheria. Sheria ya Magereza, Sura ya 90, tangu zamani imewapa majaji na mahakimu mamlaka ya kuzuru magereza, kuonja chakula, kuingia seli na kusikiliza malalamiko. Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu imepewa uwezo wa kuzuru magereza na mahali pote pa kuzuilia watu, na imeutumia uwezo huo mara nyingi. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, hukagua vituo vya polisi pamoja na seli zake, mahali ambapo mtu aliyekamatwa hapaswi kuzidisha saa 24 kabla ya kufikishwa mahakamani, ila siku za mahakama kufungwa zikiingia kati. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria maalumu juu ya watu walionyimwa uhuru wao, inayotaja chakula, matandiko, matibabu na njia za kulalamika. Na mwaka 2017 ikaja sheria ya kuzuia mateso, inayomfanya afisa anayetesa kuwa mhalifu.

Ukihesabu milango hii yote utasema kwamba gereza la Nakuru ni nyumba yenye madirisha kila upande. Upungufu uko mahali pengine, nao ni huu: wengi wamepewa haki ya kuingia, na hakuna aliyepewa kazi ya kurudi. Jaji ana kesi zake, na siku anayopata ya kwenda gerezani huimega kutoka katika siku za hukumu. Tume ina nchi nzima, na kila dhuluma ya nchi nzima, kuanzia ardhi hadi uchaguzi. Mamlaka ya polisi husimama langoni mwa gereza, kwa sababu askari jela hawamo katika jeshi la polisi. Kila mmoja huenda anapoweza, huandika anachoweza, na baina ya ziara moja na nyingine hupita muda ambao hakuna anayeulizwa kwa nini umepita.

Dunia imekwisha kutengeneza dawa ya upungufu huu. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso mwaka 1997. Mwaka 2002 mkataba huo uliongezewa itifaki, yaani mapatano ya ziada ambayo nchi hujiunga nayo kwa hiari, iliyoanza kufanya kazi mwaka 2006, na nchi inayojiunga hujifunga kwa mambo mawili: kuwaruhusu wakaguzi wa kimataifa kuingia mahali popote watu wanapozuiliwa, na kuunda chombo chake cha taifa ambacho kazi yake ni kuzuru mara kwa mara ili mateso yazuiwe kabla hayajatokea. Rwanda ilijiunga na itifaki hiyo mwaka 2015. Kenya haijajiunga.

Afrika Kusini iliona haja hiyo mapema zaidi. Sheria yake ya magereza ya mwaka 1998 iliunda ofisi ya ukaguzi inayoongozwa na jaji, na chini ya jaji huyo wakawekwa raia wa kawaida, kila mmoja na gereza lake, ambao huingia mara kwa mara, huandika malalamiko ya wafungwa na kufuatilia hadi yajibiwe. Ripoti ya jaji hutolewa kila mwaka na yeyote aweza kuisoma. Uganda nayo, katika Katiba yake ya mwaka 1995, iliipa tume yake ya haki za binadamu wajibu wa kuzuru magereza na kupeleka ripoti ya kila mwaka Bungeni. Na katika ripoti hizo desturi ya wafungwa kutumia ndoo usiku badala ya choo iliandikwa mwaka baada ya mwaka, hadi kuiondoa kukawa jambo ambalo magereza ya Uganda yenyewe yaliliwekea mipango. Sidai kwamba nchi hizo zimemaliza dhuluma magerezani. Ninachosema ni kwamba humo yuko mtu ambaye asipokwenda ataulizwa.

Kwa ufupi hadi hapa: sheria za kumlinda mfungwa tunazo, milango ya kuingilia tunayo, na kinachokosekana ni wajibu wenye ratiba, ripoti na jawabu.

Ziara za jamaa hazitoshi?

Baadhi ya watu husema kwamba jamaa wanaozuru ndio wakaguzi wetu. Jamaa ni macho, lakini huona uso tu, kwa dakika chache, katika mahali palipotengwa, askari akiwa karibu. Na mfungwa mwenyewe, asitake kumtia mama yake huzuni njia nzima ya kurudi Njoro au Subukia, humwambia kwamba yu mzima. Tena macho hayo yaweza kufungwa kwa siku moja. Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, ziara zote magerezani zilisimamishwa kwa sababu za afya ambazo hakuna mwenye akili anayeweza kuzipinga, na kwa miezi mingi aila zikabaki na simu na sala. Wakati huo huo mahakama zilipitia majalada ya mahabusu na wafungwa wa makosa madogo, na maelfu wakaachiliwa ili msongamano upungue. Wengi wa watu hao wangaliweza kuachiliwa zamani, lau kungekuwa na mtu ambaye kazi yake ni kupita na kuuliza: huyu anangoja nini?

Na msongamano ndio mzazi wa nusu ya mabaya ya gerezani. Magereza ya Kenya kwa miaka mingi yamehifadhi watu 50,000 na zaidi katika nafasi ambazo zilikusudiwa karibu nusu yao. Hakuna mkuu wa gereza, hata awe mwema namna gani, anayeweza kuitanua wodi, wala hana ruhusa ya kumkatalia mtu aliyeletwa na hati ya mahakama.

Askari naye ana haja ya mkaguzi

Nimewasikia watu wakisema kwamba ukaguzi huru ni vita dhidi ya askari jela, na rai hiyo naikataa kabisa. Mwezi Aprili 2008 askari jela wa Kenya waligoma wakidai posho na makao ya staha, na serikali ikaunda kamati iliyoongozwa na Marsden Madoka kuchunguza matatizo ya magereza. Askari anayekaa na aila yake katika chumba kilichogawanywa kwa pazia, anayelinda zamu ndefu na kuambukizwa kikohozi kile kile cha wodi, naye ni mtu ambaye hali yake imefichwa na ukuta. Mkaguzi hodari huandika habari za nyumba yake pia, na kwa kuwa ripoti yake husomwa nje, askari hupata kinywa ambacho nidhamu ya kazi yake imemnyima.

Fauka ya hayo, iko heshima ambayo askari hawa wamekwisha kuichuma na ambayo haistahili kuchafuliwa na wachache. Mwezi Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika Naivasha, na watu wakachomewa nyumba na kuuawa mchana kweupe, maelfu walikimbilia kituo cha polisi na gereza kuu. Wale waliofika gerezani walipokewa ndani ya uwanja na kulindwa. Mwananchi wa Naivasha aliyenusurika siku zile anajua kwamba ukuta huo huo, mikononi mwa watu waadilifu, waweza kuwa himaya. Askari wa namna hiyo hana cha kuogopa mgeni anapoomba kufunguliwa wodi. Anayeogopa ni yule mwingine, naye ndiye anayewaharibia jina wote.

La kufanya

Kwa mujibu wa sheria ya Kenya ya mwaka 2012 juu ya mikataba, mkataba hupitia Baraza la Mawaziri, kisha Bunge la Taifa, kabla ya kuridhiwa. Itifaki dhidi ya mateso, kwa hiyo, si jambo la mabalozi peke yao. Hupita mikononi mwa wabunge wa Naivasha, Gilgil, Molo, Njoro, Bahati na Nakuru mjini, ambao kila miaka mitano huja kuomba kura katika viwanja ambavyo kutoka kwavyo ukuta wa gereza huonekana. Wala si lazima kungoja itifaki ndipo tuanze. Majaji na mahakimu wa Nakuru na Naivasha wanaweza leo kuandika kalenda ya ziara, kila mwezi gereza moja, na kuisomea ripoti fupi kamati ya watumiaji wa mahakama, ambamo hukaa polisi, magereza, mawakili na raia. Tume ya Haki za Kibinadamu yaweza kuchapisha, gereza kwa gereza, yale iliyoyapendekeza na majibu iliyopewa.

Nawe msomaji, uwe na ndugu ndani au usiwe naye, mtafute mbunge wako umwulize mambo mawili na usimwachilie kabla hajakujibu: itifaki italetwa Bungeni lini, na ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa gereza la mji wako iko wapi ili uisome.